Doa jeusi juu ya kioo: jinsi protini moja ilivyopimwa uzito kwa mwanga

Aprili 2018 jarida la Science lilichapisha makala ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao, mwandishi wa kwanza akiwa Gavin Young na kiongozi wa kundi akiwa Philipp Kukura. Dai lao lilikuwa zito: wameweza kupima uzito wa protini mojamoja, zikiwa ndani ya maji, kwa hadubini ya mwanga, bila kuzitia rangi wala kuzifunga kitu chochote. Usahihi walioripoti ulikuwa ndani ya asilimia 2 ya uzito unaokokotolewa kutokana na mpangilio wa asidi amino za protini husika.

Aliyezoea hadubini lazima asite hapo. Chukua albumini ya damu ya ng'ombe, protini ambayo maabara nyingi za baiolojia zinayo kwenye friji. Upana wake ni kama nanomita 7 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali wimbi la mwanga wa bluu lina urefu wa nanomita 450 hivi. Uzito wa molekuli moja ni daltoni 66,000 na ushei; daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Gramu moja ina molekuli kama hizo karibu bilioni tisa mara bilioni. Tena haina rangi. Mwanga unaoonekana kwa macho hupita ndani yake karibu wote bila kufyonzwa. Kitu cha namna hiyo kinapimwaje kwa lenzi na kamera?

Maelezo mengi ya kisa hiki huishia kusema kwamba hadubini zimekuwa kali zaidi. Nionavyo mimi, maelezo hayo yanaficha sehemu yenye elimu. Mwaka 2018 molekuli ya albumini ilitawanya sehemu ileile ya mwanga unaoiangukia ambayo ingeitawanya mwaka 1903. Kilichobadilika ni namna watu walivyoushughulikia mwanga mwingine wote, ule usiotoka kwenye molekuli: unaorudi kutoka kwenye kioo, unaotawanywa na mikwaruzo yake, unaoyumba pamoja na leza. Kila hatua iliyopigwa katika kisa hiki ilihusu mwanga huo.

Kwa nini kuacha rangi

Kwa miongo mitatu, kuona molekuli moja kulimaanisha kuitia rangi inayong'aa. W. E. Moerner, akiwa IBM kule California, alitambua molekuli moja mwaka 1989 kwa kupima jinsi inavyofyonza mwanga kwenye baridi kali sana. Mwaka uliofuata Michel Orrit, kule Bordeaux, alifanya hivyo kwa mwanga ambao molekuli yenyewe inautoa baada ya kupigwa na leza. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyoshika. Unabandika kijimolekuli kinachong'aa kwenye protini yako, unachuja mwanga wa leza kwa kioo cha rangi, na kinachobaki ni nukta inayowaka kwenye giza. Nobel ya Kemia ya 2014, waliyopewa Eric Betzig, Stefan Hell na Moerner, ilitokana na njia hiyo.

Ni njia nzuri na haitaondoka leo wala kesho. Lakini ina gharama zake. Rangi huungua: baada ya kutoa idadi fulani ya fotoni, yaani chembe za mwanga, inazimika moja kwa moja, na pale pale ushahidi wako unaishia. Si kila protini inapata rangi. Baadhi hubaki tupu, na hizo huzioni kabisa, kwa hiyo hesabu yako ya "ngapi zimeshikamana" ina shaka tangu mwanzo. Rangi pia ni mgeni kwenye mwili wa protini, na mgeni anaweza kubadilisha tabia ya mwenyeji. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: nukta inayowaka inakuonyesha kwamba rangi ipo mahali fulani. Kama rangi hiyo imebebwa na protini moja, mbili au fungu zima lenye vipande visivyotiwa rangi, huwezi kujua kwa kuitazama tu.

Mwanga uliotawanyika hauna masharti hayo. Kila kitu chenye mada hutawanya mwanga, na hakiungui kwa kufanya hivyo. Unachopokea kinategemea kiasi cha mada kilichopo. Ndiyo maana wazo hili lilivutia watu mapema.

Giza la Jena na tatizo la namba sita

Mwale wa jua ukipenya dirishani kwenye chumba chenye giza, vumbi huonekana likielea, ingawa jicho haliwezi kulipima umbo. Mwaka 1903 Henry Siedentopf na Richard Zsigmondy, kule Jena nchini Ujerumani, walitangaza hadubini iliyojengwa juu ya ukweli huo. Walimulika sampuli kutoka ubavuni ili mwanga wa taa usiingie kwenye lenzi, na wakaona nukta zinazometa za chembe za dhahabu zilizomo ndani ya kioo chekundu. Chembe zilikuwa ndogo mno kuliko kile ambacho hadubini ya kawaida inaweza kutenganisha. Zsigmondy alipata Nobel ya Kemia ya mwaka 1925.

Falsafa yao ilikuwa giza: fukuza kila mwanga usiotoka kwenye chembe. Kwa dhahabu ilifanya kazi. Kwa protini haikuwezekana, na sababu iko kwenye hesabu.

Kimo cha wimbi linalotawanywa na chembe ndogo hufuata ujazo wa chembe hiyo. Kamera na jicho havipimi kimo. Vinapima ukali wa mwanga, ambao ni kimo mara kimo. Kwa hiyo ukali hufuata ujazo mara ujazo, yaani upana wa chembe ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara sita. Punguza upana kutoka nanomita 20 hadi 10: ujazo unashuka mara 8, ukali unashuka mara 64. Ukishuka tena hadi 5, umepoteza mara 4,096 kutoka ulikoanzia. Dhahabu inavumilia kwa sababu inatawanya mwanga kwa nguvu. Protini ndani ya maji iko karibu sana na maji yenyewe katika namna inavyoupunguza mwendo wa mwanga. Tofauti hiyo ndogo ndiyo pekee inayoitambulisha. Na giza kamili halipo. Lenzi ina vumbi, kioo kina mikwaruzo, kamera ina kuyumba kwake. Kabla hujafika kwenye protini, umeshazama kwenye takataka hizo.

Kuukaribisha mwanga wa kioo

Njia iliyofanikiwa iligeuza falsafa ya Jena juu chini. Leza inamulika sampuli kutoka chini, kupitia kioo chembamba. Mahali kioo kinapokutana na maji, kama asilimia 0.4 ya mwanga huakisiwa na kurudi. Hadubini ya giza ingeutupa mwanga huo. Hapa unaachwa uingie kwenye kamera pamoja na mwanga mchache uliotawanywa na molekuli. Mawimbi hayo mawili yametoka leza moja, kwa hiyo yana mapigo yanayolingana, na yakikutana yanaingiliana kama mawimbi mawili ya bahari: kilele kikikutana na bonde, maji yanatulia.

Hesabu yake inafaa kuifanya kwa namba. Tuseme wimbi linalotoka kwenye kioo lina kimo cha 1,000, na ukali wake, 1,000 mara 1,000, ni fotoni milioni 1 kwenye eneo dogo la kamera. Wimbi la molekuli lina kimo cha 0.5. Likipimwa peke yake gizani, ukali wake ni 0.25: robo ya fotoni. Sasa yaache yakutane. Vimo hujumlishwa kwanza, ndipo vinazidishwa, na kwenye hesabu hiyo hutokea kipande cha katikati: mbili mara 1,000 mara 0.5, yaani fotoni 1,000. Mawimbi yakiwa kinyume, fotoni hizo zinatolewa. Kamera inaona 999,000 pale ambapo jirani yake anaona 1,000,000. Hilo ndilo doa jeusi. Na tazama uzuri wake: kipande cha katikati kinafuata kimo cha molekuli, si kimo mara kimo. Molekuli yenye nusu ya ujazo inatoa doa lenye nusu ya kina. Ule mporomoko wa mara 64 umekuwa mara 8.

Wengi huishia hapa na kusema kwamba wimbi la kioo "limekuza" ishara ya molekuli. Ni kweli nusu. Fotoni hufika kwa kubahatisha, na ukihesabu milioni moja, hesabu yenyewe huyumba kwa kama 1,000 kila ukirudia. Doa la 1,000 limezama ndani ya myumbo wa 1,000. Ukikusanya mwanga mara mia, molekuli gizani ingekupa fotoni 25 zenye myumbo wa 5. Kwenye njia ya mwingiliano ungepata doa la 100,000 kwenye myumbo wa 10,000. Uwiano ni 5 dhidi ya 10. Kinadharia faida yote ni mara mbili tu! Ushindi wa njia hii uko kwingine: giza la kuhesabu fotoni 25 hulipati popote kwenye meza halisi, lakini fotoni milioni mia unaweza kuzikusanya ukiwa na leza nzuri, kamera ya kasi na subira. Njia ya giza inakudai usafi usiopatikana. Njia ya mwingiliano inakudai fotoni nyingi, na fotoni zipo.

Waliolijenga jambo hili hawakulianzia kwenye protini. Mwaka 2004 kundi la Vahid Sandoghdar kwenye taasisi ya ETH Zurich lilionyesha chembe za dhahabu za hadi nanomita 5 kwa njia ya namna hii. Mwaka 2009 kundi hilohilo, Kukura akiwa miongoni mwao kama mtafiti kijana, lilifuatilia kirusi kimoja cha SV40 kwa kasi kubwa. Kisha wawili hao wakaachana kikazi: Kukura akaenda Oxford, Sandoghdar akaenda Erlangen kwenye taasisi ya Max Planck ya sayansi ya mwanga. Mwaka 2014 kila upande ukachapisha, kwa njia yake, kwamba umeona protini moja isiyotiwa chochote. Erlangen, kwa mkono wa Marek Piliarik na Sandoghdar, walifika hadi albumini. Oxford walifuatilia miosini, protini inayoleta mwendo ndani ya seli, ikitembea juu ya uzi wa protini nyingine, aktini. Mashindano ya aina hii ni afya kwa sayansi: dai gumu likithibitishwa na vyumba viwili tofauti katika mwaka mmoja, msomaji anapumua.

Kioo hakijanyooka

Kuona protini moja ni jambo moja. Kuipima ni jingine, na kati ya 2014 na 2018 kazi ilikuwa hiyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kioo chenyewe. Hata kioo kilichooshwa vizuri kina mabonde na vilima vya chini ya nanomita moja, na kila kimoja hutawanya mwanga. Ukitazama picha ghafi ya kamera, unaona mawimbimawimbi yasiyo na mpango, yenye nguvu kuliko doa lolote la protini. Huwezi kuyafuta kwa kusugua. Lakini yana tabia moja inayoyasaliti: hayasogei.

Kwa hiyo unapiga picha mamia au hata elfu kwa sekunde. Unachukua wastani wa, tuseme, picha 100, kisha wastani wa 100 zinazofuata, na kugawanya fungu la pili kwa la kwanza. Kila kilichotulia kinajifuta na kuwa 1. Kinachobaki ni kilichobadilika kati ya mafungu hayo, na kinachobadilika ni kwamba protini moja iliyokuwa ikielea imetua kwenye kioo na kunata. Doa linaanza kuonekana, linafikia kina chake chote pale kutua kunapoangukia mpakani mwa mafungu mawili, kisha linafifia, kwa sababu protini iliyotulia nayo imekuwa sehemu ya kioo. Ikibanduka, doa jeupe linatokea mahali palepale.

Ni lazima itue. Albumini ikielea kwenye maji husambaa haraka mno: ndani ya elfumoja ya sekunde inaweza kuhama karibu nusu mikromita, upana unaozidi doa lote. Wastani wa sehemu ya kumi ya sekunde ungeifuta kabisa. Kutua kunaleta faida nyingine ambayo mara nyingi husahaulika. Kila protini iliyonata iko umbali uleule kutoka mahali mwanga unapoakisiwa, kwa hiyo mawimbi yake yote yanakutana na wimbi la kioo kwa mpangilio mmoja. Kama protini zingepimwa kwenye kina tofauti cha maji, doa moja lingekuwa jeusi, jingine jeupe, jingine lisionekane, bila uzito kuhusika kwa lolote.

Kikwazo cha pili kilikuwa kamera. Kila pikseli ina kikomo cha fotoni inazoweza kuhesabu kabla ya kujaa, na mwanga wa kioo ulikuwa ukizijaza mapema. Mwaka 2017 Daniel Cole, Young, Kukura na wenzao walichapisha jibu ambalo naliona kama bawaba ya kisa kizima. Mwanga ulioakisiwa na kioo hurudi kwenye njia nyembamba, katikati ya lenzi. Mwanga wa molekuli hurudi umesambaa, na kwa kuwa molekuli imekaa mpakani mwa maji na kioo, sehemu kubwa yake huingia kwenye kioo ikiwa imeinama sana na kupita pembeni mwa lenzi. Basi weka kisahani kidogo cha utando mwembamba wa metali katikati kabisa. Kisahani hicho kinadhoofisha mwanga wa kioo na kuuacha ule wa molekuli karibu wote.

Rudi kwenye namba zetu. Kisahani kikipitisha sehemu moja ya mia ya ukali, kimo cha wimbi la kioo kinashuka kutoka 1,000 hadi 100. Ukali wake sasa ni 10,000, na kipande cha katikati ni mbili mara 100 mara 0.5, yaani 100. Doa limetoka sehemu moja ya elfu na kuwa sehemu moja ya mia. Na kwa kuwa kamera sasa ina nafasi, unaongeza nguvu ya leza hadi pikseli zijae tena, safari hii zikiwa na habari nyingi zaidi za molekuli. Hakuna kilichofanywa kwenye protini. Mwanga usio wake ndio uliopewa kipimo kinachofaa: usiwe mwingi wa kujaza kamera, wala usiwe mchache hadi mwingiliano upotee.

Kutoka kwenye doa hadi kwenye uzito

Hapa ndipo makala ya 2018 inapoingia. Kina cha doa kinafuata ujazo wa molekuli na jinsi mada yake inavyoupunguza mwendo wa mwanga. Hakuna mizani hapo. Kwa nini basi kiitwe kipimo cha uzito?

Jibu ni la kibaiolojia. Protini karibu zote hujengwa kwa asidi amino zilezile 20. Zikichanganywa kwa mamia, tofauti zao zinajisawazisha: gramu moja ya protini, iwe ya damu, ya misuli au ya bakteria, huchukua ujazo unaokaribiana, kama mililita 0.73, na huathiri mwanga kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo ndani ya ukoo wa protini, ujazo, nguvu ya kutawanya mwanga na uzito vinakwenda pamoja kwa mstari ulionyooka. Pima protini kadhaa unazozijua, chora mstari, na doa lolote jipya linasomwa kwenye mstari huo.

Young na wenzake walipofanya hivyo kwa albumini na kuchora idadi ya madoa kwa kila uzito, hawakupata kilima kimoja. Walipata kikubwa kwenye uzito wa molekuli moja, kisha vidogo zaidi kwenye uzito wa mbili, tatu na nne zilizoshikamana. Wanaofanya kazi na albumini walijua siku nyingi kwamba sampuli zake huwa na mafungu hayo. Lakini vifaa vya zamani vilitoa wastani au vilihitaji kuyatenganisha kwanza. Mashine ya kuzungusha ya Theodor Svedberg kule Uppsala, iliyofungua njia ya kupima uzito wa protini miaka ya 1920, hutazama umati wa molekuli kwa pamoja. Spektrometa ya uzito hupima kwa usahihi mkubwa zaidi, ila molekuli lazima zitolewe majini na kuingizwa kwenye ombwe. Mmoja wa waandishi wa makala ya 2018, Justin Benesch, ni mtaalamu wa spektrometa hizo, na nadhani kuwepo kwake kuliwasaidia kujua dai lao lilinganishwe na nini.

Kisha wakaenda mbali zaidi ya albumini. Walitofautisha protini zilizobeba lipidi (mafuta) na sukari. Walitambua molekuli ndogo iliponata kwenye protini kubwa, jambo linalowezekana kwa sababu wastani wa maelfu ya madoa unajulikana kwa usahihi wa hadi kilodaltoni 1 (daltoni 1,000), ingawa doa mojamoja lina shaka kubwa zaidi. Walifuata alfa-sinuklini, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, ikianza kujikusanya, na nyuzi za aktini zikirefuka.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Env, protini ya ganda la virusi vya UKIMWI. Env imefunikwa na sukari nyingi kiasi kwamba kinga ya mwili hupata shida kuifikia. BanLec ni protini inayopatikana kwenye ndizi, na hushika sukari za aina ya manosi. Ukizichanganya, BanLec inaziunganisha molekuli za Env kuwa mafungu. Swali la mtafiti ni: mafungu ya ngapi, na yanaanza kutokea BanLec ikiwa kiasi gani? Kwa rangi ungehangaika kuhesabu. Kwa wastani wa umati ungepata namba moja isiyosema kitu. Hapa kila fungu linatua peke yake, linaacha doa lake, na unajenga orodha ya yaliyomo kwenye tone lile. Ubora wa njia hii uko hapo, katika sampuli zenye mchanganyiko, na maisha ya seli ni mchanganyiko mtupu.

Inaposhindwa

Kuupenda ugunduzi kunanidai niseme wazi unapoishia.

Tone lazima liwe na protini chache sana ndani ya maji yake, kwa kawaida chini ya nanomolari 100, kipimo cha wingi wa molekuli kwenye maji. Kwa kiwango hicho tayari kuna molekuli kama 60 katika kila mikromita ya ujazo. Ukizidisha, madoa yanaangukiana. Lakini protini nyingi zinazoshikana kwa nguvu kidogo huachana zikipunguzwa hivyo. Kwa hiyo ukiona hazijashikana, huenda ni kwa sababu umezitenganisha mwenyewe. Hili ndilo kosa la tafsiri ninaloliogopa zaidi kwa mtumiaji mpya.

Kifaa hakijui jina la kilichotua. Protini mbili tofauti zenye uzito mmoja ni doa moja. Mstari wa kipimo cha protini hautumiki kwa DNA, ambayo huhitaji mstari wake, na protini iliyobeba sukari nyingi au lipidi inahitaji uangalifu. Sabuni zinazotumika kuyeyushia protini za utando hutengeneza vifungu vyao vinavyotua pia na kujifanya protini. Halafu kuna kunata kwenyewe: kinachopimwa ni kile kilichokubali kugusa kioo, na kioo kinaweza kuwa na upendeleo.

Ukomo wa chini ulibaki kwenye makumi ya kilodaltoni. Protini nyingi za mwili ziko hapo au chini ya hapo, na insulini, yenye kilodaltoni 5.8, iko mbali chini.

Kilichofuata

Mwaka huohuo wa 2018 kampuni ya Refeyn ilizaliwa Oxford kuuza kifaa hicho, na jina lililoenea likawa fotometria ya uzito. Kimeingia kwenye maabara nyingi kwa matumizi ambayo makala ya kwanza haikuyalenga. Mojawapo ni magamba ya kirusi cha AAV yanayobeba jeni katika tiba. Gamba tupu lina kilodaltoni 3,700 hivi; lililobeba jeni kamili huzidi 5,000. Kiwanda kinahitaji kujua mangapi ni matupu, kwa sababu gamba tupu linamwingizia mgonjwa protini ya kirusi bila dawa. Swali hilo sasa hujibiwa kwa tone dogo na dakika chache.

Mwaka 2021 makundi mawili yalionyesha katika Nature Methods njia ya kuzipima protini zikiendelea kusogea juu ya utando wa lipidi. Hapo hakuna kutua na kutulia, kwa hiyo mgawanyo wa picha ulibidi ufikiriwe upya: kinachofutwa ni kile ambacho hakihami, na protini inajulikana kwa kuhama. Kwa biolojia naona hii ni hatua kubwa kuliko kupunguza ukomo wa uzito, kwa sababu protini nyingi zinazopokea ujumbe wa seli huishi kwenye utando, na hushikana na kuachana papo hapo.

Erlangen nao hawakulala. Mwaka 2023 Mahyar Dahmardeh, Sandoghdar na wenzao walichapisha kwamba wametambua protini moja zilizo chini ya kilodaltoni 10. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika baada ya picha kupigwa: programu ya kompyuta ilifundishwa kujua jinsi mandhari ya kioo na leza inavyobadilika kidogokidogo kwa wakati, bila kuonyeshwa kwanza protini inafananaje. Chochote kisichoendana na mwenendo huo wa kawaida kilitengwa kama jambo geni linalostahili kutazamwa. Kugawanya mafungu mawili ya picha kulikuwa kumedhani kwamba kioo kimetulia kabisa. Programu hiyo ilianza na ukweli kwamba hakijatulia, ikajifunza mwendo wake, na protini ndogo zilizokuwa zimefichwa na mwendo huo zikaonekana.